Henza, Demani na Joshi: Kamba za Meli za Matanga Nilivyozielewa kwa Kutengeneza Modeli

Watu wakiiona modeli ya meli ya matanga huanza kuusifu mwili wake: mbao zilivyopindwa, rangi, usukani mdogo uliochongwa kwa wembe. Mimi macho yangu huenda kwanza kwenye kamba. Mwili wa chombo unaweza kuuiga kwa jicho na ukatoka vizuri. Kamba haziigiki hivyo. Usipojua kila moja inafanya kazi gani, utazifunga nyingi, zitapendeza, na baharia wa kweli akipita atajua mara moja kwamba chombo hicho hakiwezi hata kutweka, yaani kupandisha, tanga.

Nilianza na majahazi ya kwetu Lamu, kisha nikaingia kwenye meli kubwa za matanga ya mraba, zile zilizokuwa zikivuka bahari kuu kabla ya moshi na makaa. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu hapa Mombasa huniuliza swali lile lile: majina yote haya nitayakariri vipi? Nawaambia wasiyakariri. Orodha ya majina hupotea kichwani kabla ya mwezi kwisha. Kamba uliyoijua kwa kazi yake haipotei, na jina lake hukujia lenyewe siku utakayolihitaji.

Haya sikuyatunga mimi. Niliyapata Matondoni, kile kijiji cha kisiwa cha Lamu kinachojulikana kwa kuunda vyombo. Ami yangu alikuwa baharia, na ndiye aliyenipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima niliyekuwa nikimwita Mzee tu. Nilikwenda na daftari, nikitaka anitajie majina niyaandike. Nikamwonyesha kamba moja kwenye jahazi lililokuwa limepwelewa pale ufuoni, nikauliza, "Mzee, hii yaitwaje?"

"Jina utalijua tu, mwanangu," akanijibu. "Niambie kwanza: yaanzia wapi, yapitia wapi, na anayeivuta asimama wapi?"

Nilibaki pale ufuoni nikaifuata kamba ile kwa kidole na kwa macho mpaka juu na kurudi chini. Ilikuwa henza.

Henza ndiyo kamba nene kuliko zote za juu. Ncha yake moja imefungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, ambao kwa kawaida ni miti miwili au mitatu iliyounganishwa kwa kupishanishwa na kufungwa kamba. Kutoka hapo henza inapanda mpaka kileleni mwa mlingoti, inapita kwenye roda, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, zilizotiwa humo, halafu inashuka upande wa tezi, yaani nyuma. Mwisho wake wa chini una kapi kubwa, yaani gogo lenye roda ndani yake, nalo huitwa gofia. Kati ya gofia na kapi jingine lililofungwa chini chomboni inapita kamba nyembamba zaidi, jarari. Mabaharia hawaivuti henza. Wanavuta jarari, na jarari ndiyo inayoiteremsha gofia, na gofia ndiyo inayoivuta henza, na henza ndiyo inayoipandisha foromali. Ukiielewa safari hiyo umeelewa nusu ya jahazi.

Nilipofika nyumbani nikaifunga kwenye modeli kwa makapi mawili yenye roda mbili mbili, kila kapi halizidi punje ya mahindi. Nikavuta jarari sentimita 4, foromali ikapanda sentimita 1. Hapo nikaona kwa mkono wangu kitu ambacho hakuna kitabu kilichowahi kunionyesha: nguvu unayoipunguza kwa makapi unailipa kwa urefu wa kamba. Tanga likiwa juu, gofia iko chini karibu na sitaha, na jarari yote iliyovutwa lazima iwe imelala mahali, imekunjwa duara kubwa. Tanga likituliwa, gofia inakwea mpaka karibu na kilele cha mlingoti, na lile duara la kamba linakwisha kwa sababu kamba imerudi kwenye makapi. Kwa hiyo modeli iliyotua tanga haiwezi kuwa na gofia chini, wala modeli iliyotweka haiwezi kukosa kamba iliyokunjwa sitahani. Mpaka leo nikipewa modeli niipe maoni, hapo ndipo ninapotazama mwanzo.

Henza ina kazi ya pili. Mlingoti wa jahazi umeinamia omo, yaani mbele, na upepo unalisukuma tanga kuelekea huko huko. Kitu kinachouzuia usiende mbele zaidi ni henza yenyewe, kwa kuwa imeshuka nyuma yake na imekazwa kwelikweli. Kamba moja inatweka na papo hapo inategemeza. Ndiyo maana haifai kuishusha henza mbele ya mlingoti, hata kama nafasi ni finyu na mkono hauingii nyuma.

Baada ya henza njoo kwenye pembe za chini za tanga, kwa maana ndipo chombo kinapoongozwa. Pembe ya mbele inashikwa na joshi. Pembe ya nyuma inashikwa na demani, na hii ndiyo kamba ambayo nahodha haiachi macho, kwani kuikaza na kuilegeza ndiko kunakolifanya tanga lishike upepo au liumwage. Maneno haya yamekwenda mbali hata yakawa pande za chombo: upande unakotoka upepo ni joshini, upande wa pili ni demanini. Juu kwenye foromali kuna hamarawi, inayoishikilia isiyumbe. Na ukingoni mwa tanga, kitambaa chenyewe kimeshonewa kamba inayoitwa dasi, ili upepo usikichane. Kwenye modeli dasi ni uzi mmoja tu ulioshonewa pindo, lakini tanga lisilo na dasi hukaa kama kitambaa cha meza.

Nahodha anapotaka kubadili upande wa upepo, foromali haiwezi kuhamishwa tu, kwa sababu iko upande mmoja wa mlingoti, ule wa demanini, na ni ndefu mno. Chombo kinageuzwa kiupe upepo tezi. Demani inaachiliwa, ncha ya chini ya foromali, ile ya mbele, inavutwa kuja mlingotini mpaka foromali inasimama wima, tanga linapeperuka mbele kabisa, halafu mabaharia wanaizungusha demani mbele ya mlingoti na kuirudisha nyuma upande wa pili. Wakati huo huo kamba zinazoshikilia mlingoti ubavuni zinahamishwa: za upande mpya wa upepo zinakazwa, za upande wa pili zinalegezwa ili zisiizuie foromali. Ami yangu alikuwa akisema kazi hiyo usiku penye mawimbi ndiyo iliyokuwa ikimtenga baharia na abiria.

Kwa mwenye modeli, maana yake ni hii. Kamba za ubavuni za jahazi hazikazwi pande zote mbili sawasawa. Upande wa upepo zimekazwa kama utari, upande wa tanga zimelegea au zimefunguliwa kabisa. Vijahazi vingi vya mapambo vinavyouzwa pwani nzima, kuanzia Lamu mpaka Unguja, vina kamba zilizokazwa kila upande, na foromali imegandishwa kwa gundi katikati ya mlingoti. Siwalaumu mafundi wake. Mnunuzi wa hotelini anataka umbo, na fundi ana watoto wa kulisha. Lakini wengi wao wanazijua kamba hizi vizuri kuliko mimi, na huniuma kuona ujuzi huo hauingii kwenye kazi wanayoiuza, kwa sababu modeli hizo ndizo zitakazobaki kwenye rafu wakati majahazi yenyewe yamefungwa mashine na milingoti imeng'olewa.

Kwenye meli za matanga ya mraba niliingia kupitia Sultana. Ndugu yetu mmoja aliyehamia Muscat alitaka modeli yake, nami sikuhitaji kubembelezwa, kwa sababu hadithi ya meli hiyo ni yetu. Iliundwa Bombay mwaka 1833, kwa mtindo wa Kizungu, ikawa mali ya Seyyid Said. Februari 1840 iling'oa nanga Zanzibar ikiwa na mjumbe wake, Ahmad bin Na'aman, na tarehe 30 Aprili ikatia nanga New York. Ilikuwa imebeba pembe za ndovu, karafuu, tende, kahawa, ngozi, sandarusi na mazulia. Wamarekani waliipokea kwa heshima, na jeshi lao la majini likaifanyia matengenezo kabla haijarudi. Katika shehena iliyorudi nayo kulikuwa na vitambaa vya pamba, ile marekani ambayo mabibi zetu waliivaa na manahodha wetu wakaishonea matanga. Kwa sababu hiyo tanga la modeli ile nililikata kwenye marekani nyembamba kabisa niliyoweza kuipata, nikaifua mara kadhaa mpaka ikalainika.

Michoro ya kamba za meli za miaka ya 1830 imeandikwa kwa Kiingereza, na mistari yake ni mingi hata karatasi inaingia weusi. Nilirudia maswali ya Matondoni. Jambo la kwanza lililojitokeza ni kwamba kamba zote za meli kubwa zimegawanyika mafungu mawili. Kuna kamba zinazosimama: zimefungwa, zimekazwa, hazivutwi, kazi yake ni kuushika mlingoti usianguke mbele, nyuma wala ubavuni. Na kuna kamba zinazokwenda: zinapita kwenye makapi, zinatweka, zinatua, zinageuza foromali na kukunja matanga. Zinazosimama zilipakwa lami zisioze, ndiyo maana ni nyeusi au kahawia iliyokolea. Zinazokwenda ziliachwa karibu na rangi yake ya asili, kwa kuwa zinapita mikononi na kwenye roda. Rangi mbili za uzi, basi, zinampa mtazamaji ramani ya meli nzima kabla hujamweleza neno. Kwenye jahazi mgawanyo huo haukazani hivyo, kama tulivyoona kwa henza, na kamba zenyewe zilikuwa za kumbi au za katani.

Halafu nikafika kwenye tanga kubwa la chini, na hapo nilifurahi kuliko mahali pengine pote katika kazi hii. Tanga la mraba lina pembe mbili za chini, na kila pembe ina kamba mbili, moja inakwenda omo na nyingine inakwenda tezi. Mtu asiye wa baharini huona nne tu zilizochanganyikana. Mimi niliona joshi mbili na demani mbili. Upepo ukitoka kushoto, pembe ya kushoto inavutwa mbele kwa joshi yake, na pembe ya kulia inavutwa nyuma kwa demani yake. Joshi ya kulia na demani ya kushoto zinabaki zimelegea, zinasubiri zamu yao. Meli ikipindua, zinabadilishana kazi. Jahazi linahamisha tanga zima kulizungusha mlingoti. Meli ya mraba inahamisha kazi kutoka pembe moja kwenda nyingine. Ni akili ile ile ya kushindana na upepo, imefungwa kwa namna mbili. Modeli nyingi, hata za watu wenye mikono ya dhahabu, zimekaza kamba zote nne. Meli ya namna hiyo haiwezi kwenda popote.

Neno la Kiingereza la demani ni sheet, na hapo vijana wangu hukwama, kwa kuwa shuleni wamefundishwa kuwa ni shuka, wakadhani mchoro unazungumzia tanga lenyewe. Siwapi kamusi. Nawaambia wafuate mstari: unaanzia pembe ya chini ya tanga, unapita kwenye kapi ubavuni, unaishia nyuma ambako mtu anausubiri. Hakuna aliyekulia Shela au Pate atakayeshindwa kusema, "Si demani hiyo?" Ile ya tanga la pili huwa na njia ndefu kidogo: inatoka pembeni mwa tanga, inapita nchani mwa foromali iliyo chini yake, inatambaa chini ya foromali hiyo mpaka mlingotini, ndipo inashuka sitahani. Na kamba zinazotoka ncha mbili za kila foromali kuizungusha huku na huku, mimi naziita hamarawi, na hakuna aliyenipinga.

Unene ni jambo ambalo lisipoangaliwa huharibu kila kitu. Katika vitabu na majedwali ya zamani ya Kiingereza, kamba ikitajwa kuwa ya inchi 6, huo ni mzingo wake, si upana. Walikuwa wakiizungushia kipimo. Gawanya kwa 3.14 ndipo upate kipenyo: inchi 6 ni milimita 152 za mzingo, karibu milimita 48 za kipenyo. Kwa modeli ya kipimo cha 1 kwa 64, hiyo ni robo tatu ya milimita. Ukiichukua inchi 6 kuwa ndiyo kipenyo, utafunga uzi wa zaidi ya milimita 2, na kamba ya kawaida ya ubavuni itageuka kuwa amari, ile kamba nene ya nanga. Siku hizi hesabu zote nazimaliza kwenye karatasi kabla sijakata uzi hata mmoja, nikapanga nyuzi kwa unene kwenye ubao, kila mmoja na jina la kamba yake.

Vidato vya kamba vya kukwelea mlingotini hupimwa kwa mguu wa binadamu. Kwenye meli halisi nafasi kati ya kidato na kidato ilikuwa kiasi cha inchi 13 hadi 15, kwa hiyo katika kipimo hicho cha 1 kwa 64 inakuwa kati ya milimita 5 na 6. Vikikaa mbali zaidi, umeunda meli ya majitu. Hivi ndivyo vinavyochosha kuliko vyote, mamia ya mafundo yale yale, na sina njia ya mkato ya kumpa mtu. Nyuma ya kamba naweka karatasi yenye mistari sambamba, nafunga kidato cha katikati kwanza, kisha nagawanya juu na chini, ili kamba za ubavuni zisivutwe kiuno zikaonekana zimebanwa.

Uzi wowote naupitisha kwenye nta ya nyuki kabla ya kuufunga. Unatulia manyoya, unashika fundo, na kamba iliyolegea inakubali kuning'inia kwa uzito wake kama kamba nzito inavyoning'inia. Hili la mwisho lina thamani kubwa, maana uzi mkavu mwepesi husimama ovyo hewani, na kamba zilizolegea ndizo zinazoeleza upepo unatoka wapi.

Kuhusu mpangilio wa kazi, anza katikati ya chombo uende nje, na anza chini upande juu. Zinazosimama kabla ya zinazokwenda. Na kabla hujafunga kamba yoyote kwenye kigingi chake, jaribu kuupeleka mkono wako na kibanio kwenye kigingi kitakachofuata. Kamba inayopita mbele ya kigingi tupu ni kizuizi ulichojiwekea mwenyewe. Zaidi ya hapo, kila fundi hupata mazoea yake.

Wapo wanaoniambia kwamba matanga ya mraba ni ya Wazungu na Mswahili hana haja nayo. Nawakumbusha mtepe. Chombo kile cha visiwa vya Lamu, kilichoshonwa kwa kamba za kumbi bila msumari hata mmoja, kilikuwa na mlingoti mmoja na tanga la mraba la mkeka. Mwaka 2003 uliundwa mtepe mzima huko Zanzibar kwa mtindo wa zamani, ukawekwa ndani ya jumba la Beit al-Ajaib, na modeli zake ziko katika makumbusho ya Lamu. Matanga ya mraba yalikuwa yakipita Shela na Faza muda mrefu kabla Sultana haijaiona New York.

Ndio ulioko mezani kwangu sasa. Mbao zake nimezitoboa kwa keekee ndogo na kuzishona kwa uzi wa kumbi, na tanga linasukwa na mama mmoja wa Pate ambaye huchana miyaa membamba kuliko nilivyodhani yanachanika. Kamba zake zote nataka ziwe za kumbi, hata zile za nusu milimita. Makumbi makavu hukatika ukiyasokota wembamba huo, kwa hiyo nayaloweka, nayachambua nyuzi moja moja, nachagua zilizo laini za upande wa ndani, na kuzisokota zikiwa bado na unyevu huku kijana wangu akishika ncha ya pili. Tumeshapata ya kutweka. Wiki hii tunasokota demani.